Uji wa Nyambura

Jumamosi, jioni. Nakuru kuna baridi ile inayoingia moja kwa moja kwenye magoti, na mvua imeshindwa kuamua kama inanyesha au inatutania tu. Mke wangu, Mama Shiro, ameenda na watoto kwa dada yake Kaptembwa tangu asubuhi. Nyumba nzima ni yangu. Shajara, kaa chini. Leo sina stori ya kuchekesha, lakini nitajaribu, maana sijui kuandika kwa njia nyingine.

Wacha nianze kwa kujisifu, ndipo nipate nguvu.

Mimi ni dereva wa trela. Si dereva wa kupeleka watoto shule. Mombasa, Kampala, Kigali, Goma, Juba, kote huko wananijua kwa jina na kwa honi. Malaba nimelala chini ya trela hadi askari wa mpaka wakanizoea kama jirani. Shule tuliachana darasa la saba, tena kwa amani, lakini naweza kuomba chakula, kuomba msamaha na kutongoza katika lugha sita. Hakuna askari barabarani ambaye sijamfanya acheke akasahau alichonisimamishia.

Na nilikuwa mlaji. Kuna hoteli moja Salgaa ambapo chapati zangu zilikuwa zinapangwa kwa sahani kabla sijazima injini. Mandazi nilikuwa nakula kama watu wengine wanavyokula njugu, bila kuhesabu, mkono mmoja uko kwa usukani.

Halafu tumbo likaniasi.

Sitaeleza sana, kuna watu wanasoma hapa wakiwa wanakula. Yatosha kusema kwamba kila kituo cha mafuta kutoka Mariakani hadi Busia, najua choo chake vizuri kuliko mwenyewe. Nikakonda. Damu ikapungua hadi nikawa napanda ngazi za trela kwa awamu. Na dereva wa trela akikonda, watu hawamuulizi ni nini. Wanajua tayari. Wanakuonea huruma huku wanasogeza kiti nyuma kidogo. Nilipima hicho wanachofikiria mara nyingi mpaka nesi akaniambia, baba, sasa pumzika, huna.

Mwishowe nikapata daktari mmoja hapa Nakuru, msichana mdogo, mpole, ambaye badala ya kuniandikia dawa ya minyoo kama wengine alinitoa damu, kisha akanipitishia kamera kooni hadi tumboni. Nilimwambia akiona ile spana yangu iliyopotea aniambie. Hakucheka. Aliniambia kwamba mimi na ngano hatupatani. Ngano, shayiri, na nafaka nyingine inaitwa rai ambayo sijawahi kukutana nayo hata Juba. Ndani yake kuna kitu kinaitwa gluteni, na kikiingia kwangu, mwili unageuka kupigana na matumbo yake wenyewe mpaka chakula kinapita tu bila kushikwa. Ugonjwa unaitwa siliaki. Dawa yake ni moja: usile. Si usile mwezi huu. Usile mpaka uzikwe.

Nikamuuliza, hata Krismasi? Akasema hata Krismasi.

Basi ndivyo ninavyoishi sasa. Ugali, githeri, viazi, wali, nyama. Ukiangalia vizuri utaona Mungu aliniwekea nchi nzuri ya kuugua ugonjwa huu. Shida ni watu. Kwenye harusi mama wa watu anakujia na sahani ya chapati na moyo wake wote uko juu ya ile sahani. Ukikataa, unamkataa yeye. Mchuzi umetiwa unga uwe mzito. Kijiko kimetoka kukoroga kitu kingine. Mwezi jana nilisimama Kikopey, pale kwenye nyama choma, nikamwambia mchomaji aweke yangu pembeni, isiguse mahali alipopasha chapati na soseji.

"Kwani umeokoka kanisa gani?" akaniuliza.

"Nimeokoka kutoka kwa ngano, boss."

"Hata bia?"

"Hata bia. Ni shayiri ile."

Alinitazama na kisu mkononi. "Pole sana, mzee," akasema, na alimaanisha, kuliko watu wote waliokuja kuniona nilipolazwa hospitali.

Sawa. Mzaha umeisha hapo.

Wiki jana nilirudi kliniki. Nimeongeza kilo, damu imepanda, daktari amefurahi hadi amenionyesha meno. Akasema sasa tuwapime watoto wangu, kwa sababu ugonjwa huu unatembea ndani ya damu ya familia. Tukapanga Jumatatu hii. Kisha, akiwa anaandika tu, hata hajainua macho, akaniuliza kama kwetu kuliwahi kuwa na mtoto aliyekonda mikono na miguu huku tumbo limevimba, anaharisha bila kuisha, analia ovyo, hakui.

Nikacheka. Nikamwambia, daktari, sisi Subukia tulipokuwa wadogo nani hakuwa na tumbo kubwa.

Kisha nikaacha kucheka.

Nyambura alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Mimi nilikuwa darasa la nne, yeye alikuwa na miaka mitatu na alionekana kama wa mwaka mmoja. Miguu kama vijiti vya kuchokonoa masikio, nywele nyepesi, tumbo hilo. Alikuwa na hasira ya mzee. Ukimgusa analia. Ukimwacha analia.

Mathe, mama yetu, alimpigania yule mtoto. Nataka iandikwe hapa vizuri, hivyo. Alimpigania kwa mikono miwili. Sisi wengine tulikula ugali wa mahindi na sukuma, kila siku ya Mungu, na hatukulalamika. Lakini Nyambura alipikiwa uji wake peke yake. Wakati wa mavuno mathe alikuwa anapanda hadi yale mashamba makubwa ya ngano kule juu, na kombaini ikishapita, yeye na wanawake wengine wanaokota masuke yaliyoanguka, wameinama kutwa nzima. Analeta ngano ndani ya leso. Anaianika, anaipepeta, anaipeleka kusagwa na wimbi, na anaificha juu ya dari ili sisi tusiiguse. Ilikuwa ngano ya mtoto mgonjwa. Ya kumtia nguvu.

Asubuhi uji. Mchana uji. Jioni uji.

Na Nyambura akazidi kuisha.

Mzee wangu alikuwa na dada, Tata Wangari, anayeishi Gilgil. Wakati huo alikuwa anafulia familia za wanajeshi nguo, hana mume, hana mtoto, hana kitu. Alikuja kututembelea, akamwona Nyambura, akamwambia mathe, nipe huyu nikae naye kidogo wewe upumzike. Mathe alikuwa amechoka hadi akakubali. Nyambura akaenda Gilgil, na kule kwa Tata hakukuwa na ngano ya kuficha darini. Kulikuwa na viazi. Viazi vya kuchemsha, viazi vya kuponda na mboga, na maziwa ya mbuzi ya jirani.

Alirudi na mashavu.

Kusema kweli hakurudi, alirudishwa. Mathe alienda kumwona karibu na Krismasi akamkuta anakimbia. Yule mtoto ambaye hakuwahi kukimbia, anakimbia nyuma ya kuku, anacheka. Wewe ungefurahi. Nadhani mathe alifurahi pia, kwa dakika kama moja. Kisha nafikiri kitu kingine kikaingia ndani yake, kwa sababu mama gani anaweza kuvumilia kuona mtoto wake amekataa kunona kwake, halafu anone kwa mwanamke mwingine, tena maskini kuliko yeye? Akamchukua siku hiyo hiyo.

Nyumbani akamrudishia uji. Sasa mara mbili ya zamani, ile nguvu isipotee.

Hakumaliza hata mwezi kabla ya kuanza kuharisha na kukonda tena. Alizikwa kabla ya mvua ya Aprili, kando ya nepia, yale majani ya ng'ombe, na jeneza lake lilibebwa na mtu mmoja.

Na mathe akaelewa. Hivyo ndivyo alivyosema, nimeelewa. Kwamba Wangari, kwa kuwa hakujaliwa mtoto, alimfunga yule mtoto kwa dawa ili asiweze kuishi mahali pengine isipokuwa kwake. Ushahidi si ulikuwa wazi? Kwa Wangari ananona, kwa mama yake anakufa. Kijiji kizima kilikubali. Hata mimi nilikubali, nilikuwa mtoto. Tata alikuja kwa mazishi na mathe akafunga lango mbele ya uso wake. Mzee wangu alipokufa, miaka mingi baadaye, Tata alisimama barabarani, upande wa pili wa ua, akamzika ndugu yake kwa macho.

Daktari hakuapa. Alisema hawezi kumpima mtoto aliyezikwa zamani. Alisema tu kwamba hivyo nilivyomsimulia, ndivyo huwa.

Ndiyo maana leo asubuhi niliwasha gari langu dogo, Probox, nikaenda Subukia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, mpaka mwenye pikipiki alinipita akinitazama. Nilikuwa nimwambie mathe pole pole, kama mtu anayeshusha mzigo wa vioo. Nimwambie kwamba hakuna aliyejua, hata hospitali wakati huo haikujua, na kwamba Tata hana hatia. Mimi ndiye niliyewahi kumshawishi afisa wa forodha kwamba mbuzi ni mbwa. Nitashindwa na mama yangu?

Nilimkuta jikoni, jiko la kuni, moshi unamzunguka kama kawaida.

"Umekuwa kama mti wa kuanikia nguo," akaniambia kabla ya salamu.

"Mami, hii ndiyo fasheni sasa. Na nimeongeza kilo."

"Umeongezea wapi? Masikio?" Akanisogezea kigoda. "Kaa. Nimesikia umekuwa hospitali na hukuniambia. Nimekupikia uji. Ule wa nguvu, na ngano ndani. Niliitafuta hiyo ngano hadi kwa watu."

Sufuria ilikuwa mbele yangu. Nikasikia harufu, na ilikuwa harufu ile ile. Sikuwa nimeinusa tangu nikiwa mtoto, ninayemezea mate uji wa mwenzangu.

Nikamwambia siwezi kuunywa. Nikamweleza yote, daktari, kamera, ngano, gluteni. Alicheka hadi akafuta macho na leso.

"Ngano? Ati siku hizi ni ngano inakula watu?"

"Ndiyo hivyo, Mami."

"Na wazungu wanaokula mkate kutoka asubuhi hadi jioni?"

"Na wao inawapata. Wao ndio waliupa jina."

"Huyo daktari wako ameolewa?"

"Mami, hiyo inaingiaje?"

"Nauliza tu. Mtu akikosa wa kupikia anachukia chakula cha watu."

Nikacheka, na nilikuwa nacheka kweli, nikifikiri sasa, sasa ndiyo nafasi. Lakini mkono wake ulikuwa umesimama. Upawa ulikuwa ndani ya uji na haukuwa unakoroga. Hakuniangalia. Aliangalia sufuria.

"Watoto huwa wanaipata?" akauliza.

Shajara, maneno yangu yote niliyopanga kutoka Nakuru yalikuwa hapo, yamejipanga kama trela za Malaba. Nilihitaji kufungua lango tu. Nikamwangalia. Amekuwa mdogo, mathe. Mgongo umepinda kwa kuinama kule kwenye ngano za watu, shingo imekuwa kama ya ndege. Anaishi peke yake na ng'ombe mmoja na redio.

Mdomo wangu ukasema: "Hapana, Mami. Ni ya watu wazima."

"Watu wazima peke yake?"

"Wale wamekula dunia sana kama mimi."

Nilisikia pumzi ikimtoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua debe la maji. Nikajipongeza. Naapa nilijipongeza. Nikajiambia, umeokoa mama yako, ni uongo mdogo, hauna madhara yoyote.

Kisha akajimiminia ule uji yeye mwenyewe, akapuliza, akanywa.

"Nilikuwa nimeanza kuogopa," akasema. "Usiniulize naogopa nini. Lakini mimi najua ni nani alimmaliza mtoto wangu. Mimi najua. Hata Wangari akifa leo, sitaenda kumtupia udongo."

Ndivyo uongo wangu mdogo ulivyomhukumu mtu upya, mbele yangu, nikiwa nimekaa juu ya kigoda nikitabasamu.

Nikamaliza chai ya rangi aliyonipa badala ya uji. Nikamkatia ng'ombe nepia. Pale kando ya nepia kuna mawe mawili mathe anayapaka chokaa kila Desemba. Sikusimama. Nilipita nikiwa nimebeba majani kichwani, nikaaga, nikaondoka.

Ungefikiria mtu mwenye akili angerudi Nakuru akalala. Mimi nilipita Nakuru mjini bila kusimama nikaenda hadi Gilgil.

Lazima nieleze kwamba Tata Wangari ni rafiki yangu. Mathe hajui. Tangu nianze kuendesha, nikipita Gilgil huwa nasimama kwake. Siku hizi anauza viazi kando ya barabara kwa ndoo, anaketi chini ya mwavuli uliopasuka, na ana mdomo mzuri kuliko wangu. Hatujawahi kuzungumzia Nyambura hata siku moja. Tunaongea juu ya bei, magoti yake, na wanasiasa. Nilifikiri, kama nimeshindwa kumpa mathe ukweli, angalau nimpe huyu. Huyu ukweli ni wake. Amefungwa kifungo cha maisha, na mimi nina karatasi ya kumtoa.

"Leo umekuja na kagari," akasema akiniona. "Trela umeikula?"

"Nimekatazwa ngano, Tata, si vyuma."

Nikaketi juu ya gunia. Nikamwambia. Kwake maneno yalitoka yote bila kukwama, hata nilieleza vizuri kuliko daktari. Alikuwa anachagua viazi, vikubwa huku, vidogo huku, na hakuacha kuchagua. Nilipomaliza akashika kiazi kimoja akakaa nacho.

"Kwa hivyo alitaka viazi tu," akasema.

"Ndiyo, Tata. Wewe hukumfanya kitu. Wewe ndiye ulikuwa unamponya na hukujua."

Nilingoja afurahi. Naona aibu kuandika hivyo. Nilikuwa nimekaa pale kama mtu aliyeleta zawadi anayengoja ifunguliwe.

"Siku mama yako alikuja kumchukua," Tata akasema, "alikuwa amenishika sketi. Hakutaka kwenda. Mimi ndio nilimtoa vidole. Kimoja, kingine, kingine. Namwambia nenda, mama, nenda kwa Mami, Mami amekuja."

Akakigeuza kile kiazi mkononi.

"Miaka yote hii wanasema mimi ni mchawi, nilikuwa nalala usingizi wangu. Nilikuwa najua sikufanya kitu. Wacha waseme. Sasa wewe umekuja kuniambia kwamba ningemshikilia, angeishi."

"Tata, hukujua."

"Sikujua. Lakini niliona amenona, sikuwa kipofu. Nilimwogopa mama yako na mdomo wake, nikamtoa vidole." Akaweka kile kiazi upande wa vikubwa. "Mama yako umemwambia?"

"Nilimwambia ni ya watu wazima."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze.

"Yeye ukamfichia. Mimi ukaniletea."

Akaja mteja, mwanamke na mtoto mgongoni. Tata akampimia ndoo, akamwongezea viwili juu, akamtania kwamba mtoto amefanana na jirani. Walicheka wote wawili. Mimi nikainuka, nikaaga, akanipa mkono kama vile anavyonipa siku zote, akaniambia niendeshe pole pole, barabara ina mvua. Hakunikasirikia hata kidogo. Afadhali angenipiga kwa kiazi.

Kutoka Gilgil hadi Nakuru sikuwasha redio.

Nilikuwa nimefika nyumbani hivi, kiatu kimoja kimetoka kingine bado, simu ikalia. Mathe.

"Mwangi."

"Mami."

"Nimeongea na Mama Shiro. Amenipigia kunisalimia. Anasema Jumatatu mnapeleka watoto wapimwe hiyo kitu yako."

Mke wangu hana kosa. Hajui nilichosema Subukia, hajui kuhusu Nyambura zaidi ya jina. Alikuwa anampigia mama mkwe simu ya heshima.

"Ndiyo," nikasema.

"Si ulisema ni ya watu wazima?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Polisi akiniuliza kwa nini taa moja haiwaki, namwambia inapumzika. Leo nilifungua mdomo na hakukuwa na kitu ndani. Nikasimama na kiatu kimoja, nikasikia redio yake huko nyuma, mhubiri anaomba sadaka, na kuku wanaoingia kulala.

Kimya changu kikamjibu.

"Kule kwa Wangari," akasema, "alikuwa anakula nini?"

Anajua. Alikuwa akisema kwa kejeli zamani, kwamba mtoto wake analishwa viazi kama nguruwe. Lakini alitaka niseme mimi.

"Viazi, Mami."

"Na mboga."

"Na mboga."

Nilifikiri amekata. Nikaangalia simu, bado ilikuwa inahesabu.

"Alikuwa anakataa," mathe akasema. Sauti yake haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ule uji. Alikuwa anafunga mdomo. Mimi nilikuwa namlaza hapa kwa mapaja, namshika pua, akifungua mdomo apumue namwagia. Kila siku. Nilikuwa namwambia kunywa, Nyambura, kunywa upone."

"Mami, hakuna mtu alijua. Hata daktari wa wakati huo hangejua."

"Alikuwa anajua yeye."

Nikaanza kusema kitu, sijui hata ni nini, kitu cha kutuliza, cha kurembesha. Akaniambia, pole kabisa, kama mtu anayemwambia mtoto ashuke mapajani: "Nyamaza, Mwangi." Nikanyamaza. Kisha akasema anaenda kumfunga ng'ombe, na simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Nimempigia jirani yake. Amechungulia juu ya ua, ameniambia mama yuko, amekaa nje ya jiko, na moto umezimika.

Sasa nimekaa hapa naandika. Nimejaribu kuweka mzaha kila mahali nilipopata nafasi na naona haukusaidia. Wanawake wawili waliompenda mtoto mmoja, na leo nimewapitia wote wawili. Mmoja nilimpa uongo ukavunjika kabla ya giza kuingia. Mwingine nilimpa ukweli ambao hakuuomba, nikauita zawadi. Sijui ningefanya vipi. Kama kuna msomaji anajua, asiniambie leo.

Na Jumatatu bado ipo. Shiro na mdogo wake watatolewa damu. Shiro anapenda chapati kuliko baba yake. Nikimfikiria, nikifikiria kwamba huenda akaambiwa usile mpaka uzikwe, naona hata hiyo ni bahati. Kuna ambaye hakuambiwa.

Kesho kabla ya kanisa nitakuwa Subukia. Sitapanga maneno njiani. Nitamwashia moto, nitaketi kwenye kigoda kile. Akilia sitamchekesha. Akinyamaza nitanyamaza naye, kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu nizaliwe, na nitaifanya hata kama ni kutwa. Na akilitaja jina la Wangari, kwa sauti yoyote ile, ya hasira au ya aibu, sitamuuliza anamaanisha nini. Nitainuka niwashe gari, twende Gilgil.